Mtu wa Joho Jeusi

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa, kidole gumba cha mguu huniwasha, na kile kitabu cha katuni hunijia.

Kilikuwa cha msichana mmoja wa kambi ya wakimbizi jirani na kwetu, aliyevuka mpaka na shangazi yake tu. Jalada lilikuwa limechanika na maneno yote yalikuwa ya Kifaransa. Ndani mlikuwa na mtu wa joho jeusi, aliyepenya kuta na kuwaita wafu wakaitika. Msichana alikifunua mwenyewe, ukurasa mmoja mmoja, mimi nisiguse. Roho iliniuma. Sisi tulikuwa na migomba na mbuzi. Yeye hana kitu, halafu awe na yule mtu!

"Niazime," nilimsihi. "Nitakupa ndizi mbivu."

Akatikisa kichwa. "Mama yako anitoe funza."

Nikaona amepunjika. Nikamkokota mpaka nyumbani kabla hajabadili mawazo.

"Shikamoo, mama," msichana akaamkia.

"Marahaba, mwanangu," Mama akamwitikia, kwa sauti niliyodhani ni yangu peke yangu.

Akauweka mguu wa msichana mapajani pake, akachokoa kwa pini polepole, akipuliza, akiimba ule wimbo wangu. Kisha akampaka mafuta ya taa. Msichana alikuwa amefumba macho.

Kitabu kilikuwa mikononi mwangu, wala sikukifungua.

"Mama," nikasema, nikinyoosha mguu usio na kitu, "na mimi nina funza."