Nilisema Ni Paja

Sioni tena sababu ya kuficha, maana wote waliokuwa kwenye benchi la hospitali siku ile walishasikia, na Songea si kubwa kiasi hicho: mimi, mwalimu wa sayansi, ninayewafundisha watoto wa watu kutaja kila kiungo cha mwili bila kucheka, niliulizwa kwenye dirisha la mapokezi nimeumia wapi, nikajibu, "Paja."

Ilikuwa hivi. Jumamosi nilikwenda Matogoro kwa mama mkwe wangu kurekebisha uzio wa mianzi wa banda lake la nguruwe. Akaniambia, "Mwalimu, ngazi iko nyuma ya jiko." Nikamjibu haina haja, mama, nikaupanda uzio na kuukalia kama mtu aliyepanda farasi (nilitaka aone amepata mkwe mwepesi), mwanzi mmoja ukapasuka chini yangu, na kibanzi chenye urefu wa kidole kikaingia kwenye mfuko wa korodani, kikavunjikia humohumo, ncha ikabaki inachungulia.

Kung'oa sikung'oa. Hilo nalifundisha kila mwaka: kitu kilichozama mwilini huenda ndicho kinachoziba damu, kwa hiyo unakiacha, unakizuia kisichezecheze, unakwenda hospitali. Lakini mama mkwe alikuwa ameshafika mbio, na kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hatupeani, sasa ningemwambia nini?

"Ni paja, mama."

Hakuuliza zaidi. Akaita bajaji, akapanda na yeye. Kukaa sikuweza, nikapiga magoti sakafuni, uso ukimwelekea yeye, mikono kwenye kiti, kutoka Matogoro mpaka mjini, na pale sokoni mama mmoja akapaza sauti, "Msamehe tu huyo, mama, ameshajuta!"

Mwenzenu sikucheka. Mimi na mke wangu Imelda tulikuwa mwaka wa tatu tunasubiri mtoto, na njia nzima nilikuwa nawaza hilo tu.

Kwa daktari, mlango ulipofungwa, nilisema kweli. Alikuwa mpole, akanieleza taratibu: "Kwanza tunapiga altrasaundi, tujue kimefika kwenye korodani yenyewe au kimeishia kwenye ngozi. Ndipo tutie ganzi, tukitoe, tusafishe, na sindano ya pepopunda." Nikarudi kusimama kando ya benchi alipokaa mama mkwe, kusubiri bima ikubali kipimo.

Sasa, kwa msioijua bima, kila jeraha lina namba yake, na namba hiyo inasema ni kiungo gani, upande gani, na kama kitu kilichochoma bado kimo ndani. Namba yangu ilikuwa ya paja, kwa mdomo wangu mwenyewe, na kipimo kilikuwa cha kwingine kabisa, kwa hiyo kompyuta ikakataa, na yule dada wa dirishani (binti mwema, ila ana sauti ya kwaya) akaita:

"Mwalimu! Bima inakataa altrasaundi ya korodani kwa mtu wa paja! Nibadilishe? Ni kulia au kushoto? Na hicho kijiti kimetoka au bado kimo?"

Benchi zima likanigeukia. Nikatazama sakafu. Nikamsikia mama mkwe akiinuka kando yangu, akavua kitenge chake cha juu, akanizungushia kiunoni bila kunigusa (sijui aliwezaje), kisha akajibu kwa niaba yangu, "Andika bado kimo, binti. Upande atakwambia daktari. Na fanya haraka, huyo ndiye mkwe niliye naye."

"Mama, kumbe ulijua?"

"Paja gani, baba, linalompigisha mtu magoti safari nzima?"

Kibanzi kilikuwa kimeishia kwenye ngozi, korodani hazikuguswa. Daktari alipotoka kutuambia kwamba habari ya watoto haikuharibika, mama mkwe alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo, akaenda kusimama nje.

Basi nawaambia kama ninavyowaambia wanafunzi wangu: usikichomoe, na sema kilipoingia, mapema, kwa sauti ya chini, kabla hujasemewa kwa sauti ya juu. Na uzio sipandi tena maishani mwangu. Mimi na mama mkwe hatujalizungumza mpaka leo. Ila kila nikienda Matogoro naikuta ngazi imeshaegemezwa uzioni, na yeye yuko jikoni, ameupa mlango kisogo.