Homoni ya Maziwa

Mtu akisema miaka ya wakimbizi iliiletea Ngara tabu tupu, namwacha aseme. Mimi ilinipa mtoto. Mama yake, mwanamke wa Burundi, alifariki akijifungua katika hospitali ya kambi, nasi tukampokea kwetu Bukiriro. Nilikuwa nimezaa mara moja, kichanga hakikuishi, na tangu hapo kimya. Huyu alipolia nilimpa ziwa ili anyamaze tu. Jamani, baada ya wiki chache maziwa yakatoka!

Mama mkwe hakufurahi. Alimwita "yule wa kambi", na hakuchoka kuuliza mwanawe atapata lini mtoto wa damu yake. Nikaenda kwa daktari wa kambini, aliyekuwa akiwapa wanawake vidonge vya kuamsha mayai. Kwanza alinitoa damu, ikapelekwa Mwanza kupimwa. Siku ya majibu mama mkwe alifuatana nami, hakutaka kusimuliwa.

"Mayai yapo," daktari akasema. "Ila homoni ya maziwa iko juu mno, kwa sababu unanyonyesha. Hiyo ndiyo inayoyalaza mayai. Nikikupa vidonge leo, ni kazi bure. Ikishuka, matumaini ni makubwa."

"Basi arudishwe kambini," mama mkwe akadakia.

Wee! Nilipandwa na hasira, nikatamani hata shikamoo niliyompa asubuhi anirudishie. "Mama, akirudishwa huyu, hivyo vidonge atavimeza mwingine!" Nilitaka kuzaa, Mungu anajua, lakini si kwa namna hiyo.

Daktari akacheka. "Nani kasema arudishwe? Keshatimiza mwaka. Aache ziwa, ale uji."

Nilishusha pumzi, nikalia palepale kwa furaha. Ila kwetu mtoto haachishwi ziwa huku analala na mama yake, hupelekwa kwa bibi. Na bibi yake ndiye huyohuyo. Tulipofika mlangoni kwake akanyoosha mikono, akasema, "Haya, mlete."

Damu ya pili ilionyesha homoni imeshuka. Nikapewa vidonge, nikaenda mbio kumchukua mwanangu. Nikamkuta yuko mgongoni kwa bibi yake, kafungwa kanga mpya, bibi anapalilia maharage. Niliponyoosha mikono, mama mkwe akarudi nyuma.

"Unamtakia nini? Huyu ni mjukuu wangu. Wewe nenda ukazae mwingine."