Vifaranga wa Bata Waliolelewa kwa Matusi

Juzi binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka kwake Mtwapa, akilia. Alikuwa amenunua vifaranga wa bata, wangali na manyoya ya usufi, akawamwagia unga mkavu wa kuku kwenye sinia. Sasa wengine walikuwa wamelala chali. Badala ya kumpoza, nilimfokea. "Maji ya kutia pua umewawekea? Au unataka kuwaua?" Nilipokata simu nilikaa kitako. Maneno yale, rafiki yangu, na hasira ile, niliyapata kwa mwanamke niliyemchukia utoto wangu wote.

Nimekulia Siyu, kisiwani Pate, miaka ile uhuru ulipokuwa bado mpya na sisi watoto tulipokuwa tukiimbishwa wimbo wa taifa na mwalimu aliyetoka bara, ambaye kila adhuhuri alilalamika kwamba kisiwa chetu kina joto na mbu. Niliishi na bibi yangu, mama yake baba. Babu alikuwa ameoa wake wawili, na bibi yangu ndiye mdogo. Yule mkubwa tulimwita hivyo hivyo, bibi mkubwa. Wote waliishi nyumba moja. Babu alipofariki, nyumba ikagawanywa, na katikati ya ua ukajengwa ukuta wa mawe na udongo, mrefu kuliko mtu mzima. Kisima kikaangukia upande wa bibi mkubwa. Tangu siku hiyo maji ya kunywa na kupikia niliyateka kisima cha msikitini, asubuhi na jioni, na kila nilipopita mlangoni kwake na mtungi kichwani alitema mate.

Bata wa babu nao waligawanywa. Majike wakaja kwetu, na dume likabaki kule. Lakini bata hawajui mirathi. Jike letu moja lilikuwa likiparamia rundo la mawe, linaruka ukuta, na jioni linarudi. Lilipoatamia chini ya ngazi na vifaranga wakatoka, wa manjano na weusi kidogo mgongoni, bibi mkubwa alikuja mpaka barazani kwetu akiwa amejitanda buibui. Alisimama, hakukaa.

"Nimekuja kutwaa wana wa dume langu," alisema.

"Dume lako lilitaga?" bibi akamuuliza.

Shauri lilifika kwa mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani. Aliwasikiliza wote wawili mpaka akachoka, kisha akasema kwamba mwana wa mnyama humfuata mama, na mwenye mama ndiye mwenye mwana. Bibi mkubwa aliondoka bila kuaga. Tulimsikia njia nzima akiapa kwamba hakuna hata mmoja atakayeota bawa.

Siku chache baadaye nguchiro akamchukua yule jike. Tulikuta manyoya na damu nyuma ya jiko. Bibi alitazama manyoya, akatazama ukuta, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Kuna nguchiro wa miguu minne na kuna wa miguu miwili." Vifaranga wakabaki mikononi mwetu.

Basi tukawalisha kama tulivyojua kulisha kuku. Asubuhi chenga za mchele, kavu. Mchana makombo ya mkate wa mofa uliolala, na jioni ukoko wa wali wenye chumvi. Maji tuliwawekea kwenye kifuu cha nazi, kidogo, wasilowane. Walikula kwa pupa, shingo zikawavimba, wakawa wanatikisa vichwa kama wanaokataa jambo. Wa kwanza alikufa kwa kupaliwa. Kisha wengine wakaanza kulegea miguu, wanatambaa kwa vifua, mabawa wameyakunjua chini. Mimi nililia. Bibi hakulia, lakini alikuwa akisoma Ayatul Kursiyu na kuwapulizia, akiamini tumefanyiwa jambo.

Hapo ndipo nilipoona kichwa juu ya ukuta. Bibi mkubwa alikuwa amepanda juu ya kinu chake kilichofudikizwa, ushungi umemteleza, uso umemwiva.

"Hao si kuku!" alipiga kelele. "Wee mwanamke, una mato ya nini? Bata hawezi kumeza kikavu! Mwekee mai pale pale penye chakula, ya kuzama pua yote, azibue pumzi!"

Bibi hakuinua uso. "Kuna kelele," aliniambia. "Funga mlango wa jiko."

Lakini yule mwingine aliposhuka tu, bibi alinituma nilete bakuli la udongo, nilijaze maji.

Kesho yake tulikuwa tumewatia kwenye beseni lililojaa, waogelee, tukidhani tumefanya wema. Kichwa kikachomoza tena. "Mwawatosa! Hawana mama wa kuwapaka mafuta ya manyoya! Watetemeke mpaka wafe? Sahani, mjinga wewe, na vijiwe ndani yake, wasiingie mwili mzima!" Tukawatoa, nikawafunga kwenye kanga kuukuu, nikawaweka karibu na meko. Siku nyingine aliona ukoko. "Chumvi! Wawapa chumvi!" Siku nyingine miguu. "Hiyo miguu haina uchawi, ina ndaa! Wape wishwa ulorojewa kwa mai. Wape mchicha, muukatekate mdogo mdogo. Wape uduvi, lakini uoshe, uoshe tena. Huyo mtoto akae bure? Naende akachimbue nyungunyungu!"

Nilikwenda, nikimtukana moyoni kila hatua. Nilichimba nyungunyungu kwenye tope la konde, nikaokota konokono wadogo migombani. Bibi alichuna mchicha, akaukata kwa kisu cha samaki, akauchanganya na wishwa, zile pumba za mchele, na uduvi uliooshwa, ukawa uji mzito wenye harufu ya pwani maji yakitoka. Mpaka leo naisikia sauti ya vile vidomo kwenye uji ule, chapu chapu, halafu vinakimbilia maji, vinazama, vinapuliza, vinarudi. Baadaye waliolegea wakaanza kusimama. Wawili hawakusimama tena, niliwazika mwenyewe.

Usidhani kwamba shukrani ilipita juu ya ukuta ule. Siku moja bibi, akiwa amekaa kibaoni anakuna nazi, alichoka kunyamaza. Akakiuliza kile kichwa cha ukutani bila kugeuka, "Na wewe wakushughulisha nini? Uliapa hawataota bawa."

Bibi mkubwa akasema polepole, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema polepole, "Siwezi kukutazama ukiwalisha kama ulivyomlisha mume wangu. Wali na mafuta, wali na mafuta, mpaka akafa."

Mbuzi ya nazi ilinyamaza. Nilimwona bibi yangu akishika ukingo wa kibao kwa mikono miwili. "Alikuja kula kwangu," alijibu, "kwa kuwa kwako alikuwa akilala na ndaa."

Kichwa kikatoweka. Hatukukiona tena mpaka bata walipoota mabawa, weusi wanaong'aa, wenye miguu imara ya kuharibu matuta ya kila jirani. Bibi alinituma na jike moja zuri, nimpeleke ng'ambo. Hakunipa salamu ya kupeleka. Bibi mkubwa alimpindua yule bata, akamtazama nyayo, akambonyeza kifua, akampanua bawa. "Huyu amekula," alisema. Kisha akanirudishia. "Mwambie sipokei sadaka yake." Nilirudi naye kwapani, nimeona haya, na bibi akasema, "Nilijua," akamwachilia uani.

Baadaye bibi mkubwa alijiwa na mwanawe wa kwanza, akamchukua akakae naye Malindi. Aliondoka alfajiri bila kubisha mlangoni kwetu. Sasa ng'ambo ile hakuna mtu, paa limeingia ndani, ukuta umeporomoka na mbuzi wanapita wanavyotaka. Bata sikumwona hata mmoja nilipokwenda mara ya mwisho. Watoto wa Siyu hawateki maji msikitini, na jirani akikosea hakuna anayepanda kinu kumtukana. Wanamwacha tu.

Habari ya kifo cha bibi mkubwa ilitufikia mimi nikiwa nimeshavaa buibui. Bibi alikuwa anaosha mchele. Aliuliza amezikwa wapi, akaambiwa Malindi. "Kwa watu asiowajua," alisema, akaendelea kuosha mchele ambao ulikwisha takata zamani. Kesho yake alimwita mwalimu wa chuo asome hitima, akachinja, akapika. Wanawake wa mtaa walipoona moshi wakaja wamejitanda, mmoja akamshika mkono, akaanza kumpa pole.

Bibi aliuvuta mkono wake. "Nani kawaambia nimefiwa?" aliwafokea. "Kuleni mwende zenu."