Simu Iliyoshukuru Kabla ya Kupokea

Saa mbili asubuhi, Utemini, mjini Singida. Eliana Kefa anabonyeza "Tuma" kwenye simu yake, kisha anapaza sauti kuelekea chumba cha pili cha duka la stationari.

"Dina, jina limefika?"

"Limefika," anajibu mwenzake aliyekaa mbele ya kompyuta.

Eliana anazima data, anabonyeza tena. Safari hii simu inaandika: "Bado halijatumwa. Jaribu tena." Ndipo Eliana anakunywa chai yake, ambayo imeshapoa.

Eliana, 26, ni fundi wa kurasa za mtandaoni. Alijifunza kwa simu nyumbani kwao Kiomboi alipomaliza kidato cha sita, na leo ukurasa mmoja humwingizia kama Sh150,000. Anachokipenda zaidi ni JavaScript, lugha ya kuandika amri zinazofanya kazi ndani ya simu ya msomaji mwenyewe: kukagua kama umejaza jina, kubadili rangi ya kitufe, kutoa ujumbe.

Ujumbe huo ndio uliomponza.

Oktoba mwaka juzi, kikundi cha wakulima wa alizeti cha Ilongero kilimpa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuombea mbegu bora za msaada. Aliujaribu mara kumi kwenye simu yake, na kila mara ukaandika: "Asante, ombi lako limepokelewa." Hakumuuliza mtu wa upande wa pili kama kuna kilichofika.

Wakulima 43 walijaza. Wote walishukuriwa. Halikufika hata jina moja.

"Asante niliifunga kwenye kitufe, badala ya kusubiri jibu kwamba jina limefika," anasema, macho yakiwa mezani. "Ni kama kumwambia mgeni karibu chakula, na sufuria hata haijainjikwa."

Mbegu zilikwenda kwa wengine. Desemba, mvua zikiwa zimeanza, Asnath Chediel, mmoja wa wale 43, mwenye miaka 58, alipanda bodaboda kutoka Ilongero hadi dukani kwa Eliana, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu ilinishukuru. Sasa mbegu ziko wapi?"

Eliana akajibu kwamba mtandao ulisumbua.

Si wa kwanza nchini kuusingizia mtandao, maana hauna mdomo wa kujitetea. Ila Asnath aliamini. Alimshika mkono akasema, "Pole sana mwanangu, kazi zenu nazo ngumu," akatoka kutafuta bodaboda ya kurudi.

"Angenitukana ningelala," anasema Eliana. "Ile pole ndiyo inaniuma. Nikisikia pikipiki imesimama nje, najificha ndani. Naona aibu kweli."

Asnath alipanda mbegu zake za zamani. Shamba lililompa magunia manane msimu uliotangulia lilimpa matatu.

Sasa maombi ya mbegu yamefunguliwa tena, na kikundi kimemletea Eliana kazi ileile. Ukurasa umekamilika, ndio anaoujaribu kila asubuhi.

"Wananiamini kwa sababu hawajui," anasema.

Anamwomba mwandishi jambo moja: habari hii isitoke kabla ya Jumamosi. Alhamisi kikundi kinakutana Ilongero, naye atakuwepo. Wakimnyang'anya kazi, ukurasa atawaachia bure.

"Sitaki Mama Asnath asomewe haya gazetini," anasema. "Nitampa shikamoo. Na kabla hajanipa pole tena, nitamwambia haukuwa mtandao, ni mimi."