Niliziba reniflard kwa kuogopa vumbi, injini ikanitapikia oil mbele ya mama mkwe

Habari za huko mliko, wakuu.

Mi niko Kolwezi, cité ya Kapata, na Kiswahili changu ni cha Katanga. Nimejikaza kuandika cha kwenu, lakini batu wakisema humu nitawaacha waseme cha kwetu. Yote ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Nina kagari ka mtumba, injini ya silinda nne. Kalikuwa kanatembea vizuri sana. Mtu mzima na akili zangu, nikaamua kukafungia turbo.

Kwa nini? Si kwa ajili ya mbio. Barabara zetu ni mashimo na malori ya madini. Unasikia boost, ule msukumo wa turbo, kidogo tu, unakuta lori mbele, unakula vumbi lake mpaka mtaa wa Manika. Lakini ile sauti ya turbo ilinivimbisha kichwa, nisiwadanganye.

Baada ya muda oil ikaanza kupotea. Naongeza, inapotea. Nyuma moshi wa bluu, chini matone. Nikabadilisha joint, yaani gasket, ya kifuniko cha valve. Bado. Nikasema turbo imekufa, nikafunga nyingine. Bado.

Fundi wangu wa Manika, tata Kalenga (tata ni baba, tunaitana hivyo kwa heshima), aliniuliza swali moja tu.

"Tata, reniflard inatolea hewa wapi?"

"Iko sawa, tata," nikamjibu, tena kwa kujiamini.

Kwa wasiojua: reniflard ni bomba la kupumulia injini. Kuna presha inayopenya kwenye ring za pistoni na kushuka kwenye carter, yaani tumbo la injini. Lazima itoke, la sivyo inasukuma oil kwenye kila mwanya. Tulipofunga turbo tuliziba ile njia ya PCV, inayorudisha hiyo hewa kwenye injini ikaungue, boost isirudi ndani. Ikabaki njia moja: bomba la kwenda kwenye kikopo cha kukusanya oil, na juu ya kikopo, tundu la kutolea hewa.

Hilo tundu nililiziba mimi. Kizibo cha chupa, kipande cha mpira wa baiskeli, nikakaza na waya.

Mtu wa Kapata atanielewa. Vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi. Sisi tunafunika kila kitu: ndoo ya maji, televisheni, viatu vya kanisani. Nikiona tundu wazi roho yangu haitulii. Moyoni nilikuwa najisifu kwamba hakuna injini safi Kolwezi kama yangu.

Sasa ngojeni.

Nilikuwa nataka kumuoa Nadège. Kwao, mwenye neno la mwisho ni mjomba wake wa Lubudi. Mama yake alipaswa kwenda kuongea na kaka yake huyo, na akakubali nimpeleke mimi. Akisema neno moja baya kule, ndoa hakuna. Nilijua hivyo na sikulala vizuri.

Kwetu mama mkwe anaogopwa. Humwangalii usoni, huongei naye hivi hivi. Nadège akakaa mbele na mimi, mama akakaa nyuma na bidon, yaani dumu, ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi kinachochacha chenyewe. Ilikuwa zawadi ya mjomba.

Kabla hatujaondoka, mama akiwa anaaga majirani, nikaona kizibo cha bidon kimelegea. Nikafikiria viti vyangu, nilivyovivalisha vitambaa vipya. Nikakikaza kwa nguvu zangu zote.

Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Tulipoacha lami, moshi ukazidi. Mama anakohoa nyuma, mi naangalia mbele kama askari. Kwenye mlima mmoja nikakanyaga mafuta, nikasikia kitu kimepiga boneti kwa chini. Harufu ya oil inayoungua ikajaa ndani. Nikasimama.

Kufungua boneti, ile fimbo ya kupimia oil imeruka kwenye tundu lake, injini yote imeoga. Nikaanza kumfundisha Nadège mambo ya turbo ili mama asikie kwamba mukwe wake ana akili. Nilikuwa nafika kwenye utamu wa somo, bum, huku nyuma.

Bidon imepasuka.

Mama alishuka taratibu. Munkoyo kichwani, munkoyo kwenye liputa lake, kitenge cha sherehe. Nilitamani ardhi inimeze, na nisingeweza hata kumpangusa.

"Nadège, muulize, ni nani alikaza bouchon?"

Nilikuwa na majibu tayari. Jua. Barabara. Bidon mbovu. Lakini mdomo ulitangulia.

"Ni mi, mama."

"Juu ya nini?" Sasa aliniuliza mwenyewe.

"Niliogopa itamwangika."

"Munkoyo ingali inachacha, tata. Njo maana mi niliiachilia."

Nikaangalia bidon. Nikaangalia injini. Nikaangalia kile kizibo changu cha chupa na waya wake. Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikakata waya. Ikapiga pshhh ndefu, mama akarudi nyuma.

"Hata hiyo ni wewe?"

"Hata hiyo, mama."

Nikarudisha fimbo, nikaongeza oil niliyokuwa natembea nayo kama dawa, tukaondoka. Moshi ulipungua polepole, na karibu na Lubudi ulikuwa umeisha.

Mjomba alimkuta dada yake ananuka munkoyo na hakuna munkoyo. Akauliza kulipita nini. Nikainamisha kichwa nikijua nimekwisha.

"Kaka, huyu muntu anafungaka bintu byote," mama alisema. "Lakini ukimuuliza, anasema ni yeye. Umupatie mutoto."

Basi nikapewa.

Niliyojifunza: oil ikipotea, usikimbilie turbo. Acha injini iungurume, fungua kizibo cha kujazia oil. Ikikupulizia kwa nguvu, tafuta kwanza panapopumulia. Na fundi akikuuliza swali, nenda ukaangalie kabla ya kujibu.

Mnaokaa kwenye vumbi kama sisi, tundu lile mnaliwekea filter gani isiyozibika? Nishaurini, na wa kunicheka acheke tu, foleni imeanzia kwa tata Kalenga.

Ile turbo niliyoitoa ilikuwa nzima kabisa. Iko sebuleni. Nadège ameifunika kitambaa, isiingie vumbi.