Koti la Kijivu na Kofia Ndefu

Mume wangu ni fundi wa kufuli na funguo. Mlango ukikugomea, mwite yeye. Atakuja na kisanduku chake cha bati, atapiga goti, atatega sikio kwenye kitasa kana kwamba kuna mtu ndani anamnong'oneza, na kabla hujamaliza kulalamika mlango uko wazi. Mtaani wanamwita Fundi Kufuli. Ni mpole, mcheshi, hana neno na mtu. Isipokuwa kaka yake. Huyo kaka yake walikaa miaka tisa bila kusemeshana hata salamu, na sababu yenyewe, jamani, ni televisheni.

Tena televisheni mbovu!

Baba mkwe wangu, marehemu, alikuwa na televisheni ya zamani, ile ya nyeusi na nyeupe, imesimama kwa miguu yake minne sebuleni. Kila Alhamisi jioni hao ndugu wawili walikaa sakafuni mbele yake kutazama mchezo wa Inspekta, mpelelezi mwenye koti refu na kofia, hacheki, hakimbii, na bado wezi wote anawakamata. Mchezo ukiisha, wanatoka uani kuuigiza. Kaka mtu, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa Inspekta. Mdogo mtu alikuwa mwizi. Anakamatwa, ananyoosha mikono, anafungwa kwa kamba ya kiatu, anapelekwa jela nyuma ya pipa la maji. Mume wangu anasema hakupewa zamu ya kuwa Inspekta hata siku moja, na anasema kwa uchungu kweli, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili.

Baba alipofariki, ikakubaliwa vitu vyake vigawanywe kwa kura. Asubuhi ya kura, televisheni haipo. Kaka mtu alishaibeba alfajiri kwa mkokoteni, bila kumwambia yeyote. Mume wangu damu ikamchemka. Mbele ya shangazi, wajomba na majirani akamwita kaka yake mwizi. Kaka mtu akajibu, "Basi kwa mwizi usikanyage." Na kweli hakukanyaga. Sisi wake zao tulikuwa tunapigiana simu kwa kujificha, tukahangaika kuwapatanisha mpaka tukachoka, maana wale wanaume vichwa vyao vigumu hujapata kuona.

Sasa juzijuzi tu, tukiwa mezani, redio ikatangaza kwamba ukumbi wa sinema ulio karibu na soko utaonyesha tena mchezo wa Inspekta, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa mchana, na watazamaji wanakaribishwa waje wamevaa kama yeye. Atakayefanana naye zaidi atapewa kiti cha mbele na zawadi. Mume wangu akaweka kijiko chini.

"Atakuja," akasema.

"Nani?"

"Kaka. Hawezi kukosa. Hata akiwa na homa atakuja." Akanigeukia. "Mama, nikienda na shati langu hili, atanipita kama hanioni. Lakini akimkuta Inspekta mwenyewe amesimama mlangoni, koti lile lile, kofia ile ile, atacheka. Namjua. Na akicheka, yameisha."

"Si umpigie simu tu umwombe radhi?"

"Mara ngapi nimeishika hiyo simu? Nikishasema haloo, niseme nini?"

"Na asipocheka je?"

Akatazama sahani yake. "Asipocheka, basi tena. Sitajaribu mara nyingine."

Hapo ndipo nilipojua kwamba koti hili si mchezo.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, cherehani yangu iko dirishani na haipumziki. Nikamwambia, lete kitambaa, kesho kutwa unalo. Akakataa katakata. Koti jipya litang'aa, alisema, na kaka yake ana jicho la kupekua. Nukta moja ikikosewa atasema huyu si Inspekta, na shughuli imeharibika. Basi tukaanza kuzunguka kwenye mitumba, siku tatu mfululizo, mimi nikiwa na futi yangu shingoni.

"Hili lina vifungo sita," anasema. "Inspekta ana vinne."

Tunasogea.

"Kola hii ya duara. Yake ina pembe."

Tunasogea tena. La tatu ni la kahawia, anataka la kijivu. La nne ni la kijivu, mifuko haina vifuniko. Muuza nguo mmoja aliyekuwa amemfungulia marobota mawili mazima akajifuta jasho na kumwuliza, "Mzee, hilo koti unalolitaka limeshonwa na mtu, au umeliota?"

"Lipo," mume wangu akamjibu bila kucheka.

"Basi mwenye nalo amelivaa."

Na kweli mwenye nalo alikuwa amelivaa! Siku ya nne mume wangu aliitwa kurekebisha kufuli kwenye ghala la samaki wa kugandishwa, akarudi nyumbani macho yamemtoka. Mlinzi wa pale, kwa sababu ya baridi ya mle ndani, alikuwa amevaa koti refu la kijivu, kola ya pembe, mifuko minne yenye vifuniko. Kesho yake akanipeleka nikalithibitishe. Nikamzunguka yule mlinzi mara mbili, nikapindua kola, nikachungulia bitana, nikavuta mshono wa begani.

"Nyinyi ni polisi?" mlinzi akauliza.

"Tunataka koti lako, ndugu yangu," mume wangu akasema.

Mlinzi akajifunga vizuri na kurudi nyuma hatua moja. Hilo koti, alisema, ni mwenzake wa miaka saba. Tulimbembeleza wee, haikusaidia. Mara namwona mume wangu anavua jaketi lake. Lile jaketi! Nililomnunulia mimi, zito, lenye manyoya ndani, halijamaliza hata miezi miwili! Nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote, wala hakushtuka. Mlinzi akalijaribu, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akaingia ghalani, akakaa kidogo, akatoka anatabasamu.

"Chukua koti lako, mzee," akasema.

Nilinuna njia nzima. Nikalifua koti lile mara tatu, na bado paka wa jirani alihamia mlangoni kwetu wiki nzima. Kifungo kimoja kilikuwa kimepotea. Mume wangu akachukua mpini wa bisibisi iliyovunjika, akaukata, akausugua kwa tupa mpaka akapata kifungo chenye matundu manne, na nikikiri ukweli, usingekitambua kati ya wenzake.

Kofia ndiyo iliyonitia wazimu. Alinunua pama nzuri tu, ya kijivu, ukingo wake umekaa sawa. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Fupi."

"Fupi kwa nani?"

Akapima kwa mkono juu ya paji la uso. "Yake ilikwenda juu shubiri moja na vidole vinne."

"Baba, huyo alikuwa mpelelezi au bomba la moshi?"

"Ndivyo ilivyokuwa! Mimi niliiona kwa macho yangu."

Ungefanyaje? Tukachemsha birika, tukaishikilia kofia kwenye mvuke mpaka ikalainika, tukaivalisha kopo kubwa la maziwa, yeye anavuta huku, mimi navuta kule, tukaifunga kwa uzi ikauke. Siku ya kwanza ikarudi chini. Siku ya pili ikakubali. Jioni ya Ijumaa akavaa vyote, akasimama katikati ya sebule, hacheki, mikono mfukoni. Binti yetu alikimbilia jikoni kucheka. Mimi nilitaka kucheka pia, lakini nilipomwona jinsi alivyonyooka, mtu ambaye maisha yake yote yuko magotini mbele ya vitasa vya watu, moyo ulinijaa. Nilimpenda upya, sifichi.

Jumamosi tukatangulia mapema. Kwenye ua wa ukumbi, juu ya mlango, walikuwa wametundika picha ya Inspekta, kubwa kama shuka ya kitanda, ya rangi.

Koti lake lilikuwa la kijani.

Si kijivu chenye ukijani, la. Kijani cha chupa! Na kofia ilikuwa kofia ya kawaida, fupi, sawasawa na pama ile kabla hatujaitesa. Chini ya picha wamejaa vijana kama kumi, makoti ya kijani, kofia fupi, wote wamegeuka wanatutazama.

"Mzee, sarakasi ni mtaa wa pili!" mmoja akapiga kelele, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mume wangu hakuwasikia. Alikuwa anaitazama picha. "Kijani," akasema polepole. Kisha akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Mama, ile televisheni yetu. Picha yake ilikuwa inavutika upande wa juu. Baba akiipiga kofi inakaa sawa, halafu inavutika tena. Watu wote walikuwa na vichwa virefu."

"Na wewe ulikuwa hujui?"

"Vichwa nilijua. Kofia nilidhani ni ndefu kweli."

Mungu wangu! Yeye akanishika mkono. "Twende nyumbani. Kaka akinikuta hivi, atacheka pamoja na hawa. Kicheko hicho sikitaki."

"Sikuchemsha kofia siku mbili nikairudishe nyumbani!" nikamwambia. "Umemvulia mlinzi jaketi langu, utakaa hapa hapa!" Na wale vijana nao nikawapa yao. "Nyinyi Inspekta mmemjulia kwenye simu juzi. Huyu amekaa naye kila Alhamisi kabla hamjazaliwa!" Wengine wakaomba radhi. Lakini mume wangu alikuwa ameinama, anakitazama kile kifungo cha bisibisi, na nilijua sekunde yoyote ataondoka.

Mara kicheko kingine kikalipuka huko getini, kikubwa kuliko tulichochekwa sisi. Watu wakapisha njia. Akaingia mtu mwenye koti refu la kijivu, mikono mfukoni, na juu ya kichwa chake kofia ndefu kuliko yetu.

Shemeji yangu.

Nyuma yake mkewe, amejifunika uso kwa mtandio kwa aibu. Naapa hatukuwa tumeambiana kitu, mimi na yeye. Kila mmoja alikuwa ameona haya kumwambia mwenzake kichaa kilichoingia nyumbani kwake.

Shemeji akaiona picha, akasimama, mdomo wazi. Akaitazama juu mpaka chini. Halafu akashusha macho, na macho yakatua kwa mdogo wake. Nami nilikuwa nimebana vidole vyangu, nasema moyoni, cheka, shemeji, cheka basi.

Hakucheka. Alikuja polepole, mwendo wa Inspekta, akasimama mbele ya mume wangu, akanyoosha mkono, akaipima kofia yake kwa shubiri na vidole.

"Shubiri moja na vidole vinne," akasema. "Umekosea. Vilikuwa sita."

"Vinne," mume wangu akajibu.

"Sita! Mimi ndiye niliyekuwa nakaa mbele."

"Ulikuwa unakaa mbele kwa sababu unanisukuma!"

"Vidole sita, bwana wee!"

"Vinne! Na mfuko wako wa juu uko wapi? Umevaa koti la mifuko mitatu halafu unanifundisha mimi!"

Miaka tisa, na neno la kwanza ni ugomvi wa vidole. Shemeji akajitazama kifuani, akakuta kweli mfuko mmoja haupo. Akashika kifungo cha mume wangu, akakigeuza. "Hiki umekitoa wapi?"

"Mpini wa bisibisi."

Hapo ndipo midomo ya shemeji ilipoanza kutetemeka. Akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka kofia yake ikaanguka, mpaka machozi yakamtoka, na mume wangu akacheka naye, na sisi wanawake tukacheka bila hata kuulizana. Kisha shemeji akajifuta uso kwa mkono wa koti. Akaitoa mikono yake miwili mbele, akaikutanisha viganja, vile walivyokuwa wakifanya uani kwa baba yao.

"Haya, Inspekta," akasema, na sasa alikuwa hacheki. "Leo mwizi ni mimi. Nifunge."

Mume wangu aliinama, akafungua kamba ya kiatu chake, akaizungusha kwenye mikono ya kaka yake. Mikono ya mume wangu inafungua kufuli yoyote mjini hapa, lakini fundo lile moja lilimchukua muda mrefu, maana alikuwa haoni vizuri.

Zawadi ilikwenda kwa kijana wa koti la kijani, na ilikuwa haki yake. Sisi tulipelekwa mstari wa nyuma kabisa, ili kofia zisizibe watu. Shemeji aligoma kufunguliwa. Alitazama mchezo mzima mikono ikiwa imefungwa, mkewe akimlisha bisi punje moja moja. Inspekta alipotokea kwenye pazia, na koti lake la kijani na kikofia chake kifupi, shemeji akamwegemea mdogo wake.

"Hawa wamekosea rangi," akasema.

"Wamekosea kabisa," mume wangu akamjibu. "Na kofia."