Glasi Niliyonywea Uji

Sijui kama wewe umewahi kuwaambia watu arobaini wazibe masikio, wakaziba, halafu kusitokee kitu. Mimi nimewahi, tena mbele ya pasta na chifu na ukoo mzima, na hadi leo nikipita pale sokoni kando ya ziwa, upande wa Homa Bay, kuna mama mmoja muuza dagaa wa omena hujitia vidole masikioni akinitazama, haniambii neno, anangoja tu nipite. Kwa hivyo wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwake.

Mimi ni mwalimu wa kemia Migori mjini, na wikendi nasomea digrii ya pili. Kazi yangu ni kutu. (Ndiyo, kutu, hii ya mabati.) Ukiipaka kutu nyembamba sana juu ya kioo inakuwa semikondakta, yaani inakula mwanga wa jua na kuugeuza umeme kidogo, na umeme huo ukifika kwenye maji unaweza kuyapasua yakatoa haidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Shida ni kwamba umeme mwingi unapotelea humo humo ndani ya kutu, kwa hivyo mimi naichanganya na chembe za madini mengine, naichoma, naipima, naichoma tena, na baada ya miezi minane nilikuwa nimepata haidrojeni sifuri.

Aliyeniamini ni Anti Akoth, dada ya baba yangu. Yeye na kina mama wenzake wanakaanga samaki kwa kuni, macho mekundu mwaka mzima, na jicho lake la kushoto limeshaanza kuona ukungu. "Hiyo gesi yako, nyathina, mwanangu, haina moshi hata kidogo?" aliniuliza. Nikamwambia hata kidogo. Akasema, "Fanya haraka."

Basi Jumamosi moja nikaenda kwake na vyombo vyangu, maana jua la ufuoni halina mchezo. Nilibeba glasi mbili: moja ya kutia kioo cha kutu na waya zake, nyingine ya maji matupu ya kuweka kando. Msimamizi wangu wa chuo, mama mmoja asiyecheka, hutuambia glasi zote mbili zikifanya kitu kile kile, basi kutu yako haijafanya kitu. "Bila glasi tupu," husema, "unachokiona ni maombi."

Maji niliyochemsha Migori yalikuwa yamemwagika njiani, nikachota ya ziwa, baridi ya asubuhi. Kisha Anti akaleta uji. Vikombe vyote vya boma vilikuwa vimeazimwa kupelekwa matangani kwa jirani, na uji ulikuwa moto, na mimi nilikuwa na njaa, na mbele yangu kulikuwa na glasi tupu. Huo ndio uamuzi ulioniponza. Sikuiba, sikulewa. Nilikunywa uji.

Saa tano viputo vikaanza. Vilijaa kwenye waya, kwenye kutu, hata kwenye ukuta wa glasi ambako havikuwa na kazi yoyote, nami nikaona hiyo ni baraka ya ziada. Nikamwita Anti. "Yawa!" akapiga kelele, akaenda kuwaita wenzake. Nikamtumia msimamizi picha, akajibu papo hapo: "Glasi tupu inasemaje?" Nikaitazama, ina ukoko wa uji. Nikamwandikia haijasema kitu, na huo ulikuwa ukweli.

Kesho yake nikarudi Migori, huku nyuma Anti akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Pasta akatangaza maonyesho Jumamosi inayofuata. Jumatano Anti akanipigia simu.

"Tumevunja jiko."

"Jiko gani, Anti?"

"Lile la udongo. Sasa mtambo wako ungekaa wapi?"

Hapo ndipo mtu mzima angesema ngoja kwanza. Lakini alikuwa anacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu mume wake afariki. Nikasema, "Sawa, Anti."

Jumamosi nikakuta hema, viti vya plastiki na chifu. Nilikuwa nimetega gesi tangu asubuhi, kwa maji yale yale ya ziwa, kwenye mrija mdogo wa kioo, na kabla ya kuwasha kiberiti nikawaambia watu wazibe masikio, maana haidrojeni ikiguswa na moto hulia pu! Wakaziba. Watoto wakavutwa nyuma, mwenye pikipiki akaisukuma pikipiki yake hadi nyuma ya choo, pasta akaomba ulinzi. Nikawasha. Njiti ikawaka mdomoni mwa mrija, ikaendelea kuwaka vizuri sana, ikaniunguza kidole. Nikawasha ya pili. Ya tatu ndipo chifu alipochomoa kidole kimoja sikioni akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, imeshalia?"

Anti akaona ninavyotokwa na jasho, akasimama kunitetea. "Si viputo mmeviona? Viko! Hata chupa zangu za juu ya mabati huwa navyo kila siku saa sita!"

Chupa hizo Anti huzijaza maji ya ziwa na kuzilaza juani ili vijidudu vife, kama walivyofundishwa na watu wa afya. Mama wa omena akapanda kiti, akashusha moja, akaiweka kando ya glasi yangu. Viputo vile vile, labda vyake vingi zaidi. Maji baridi yakipata joto hutoa hewa iliyomo. Nilikuwa nimekusanya hewa, nikaitia kiberiti mbele ya serikali.

"Tangu lini, Anti?" nikauliza.

"Tangu ukiwa darasa la tatu."

"Basi profesa ni Akoth!" akasema chifu, na hema zima likaangua kicheko. Anti peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia pale jiko lilipokuwa.

Jumatatu nilimkiria msimamizi kila kitu. Akauliza, "Uji wa nini?" Wimbi, nikasema. "Angalau," akajibu, akanipa miezi mitatu ya kurudia jaribio.

Jiko nililijenga mimi, Jumamosi mbili, nikikanyaga udongo huku kina mama wakinikosoa. Lilipowashwa Anti aliinama kupuliza, moshi ukamwingia, akajifuta macho kwa leso na kusema jiko ni zuri. Heri angenitukana.

Sasa nachemsha maji yatoe hewa yake kwanza, nayaacha yapoe, na nimeapa sitaita mtu, sitapiga picha, sitafungua mdomo kabla ya glasi tupu. Jumamosi iliyopita Anti mwenyewe alikuja kuketi nami juani. Kwanza akanipa kikombe cha plastiki chekundu alichoninunulia. "Hiki ndicho cha uji," akasema. "Ile usiiguse." Kisha akaziinamia glasi zangu mbili kwa jicho lake lile zima, akazitazama muda mrefu. Zote zilikuwa zimetulia.

"Bado," akasema, akanimiminia uji.